Wanatuuliza Rangi, Sisi Tuulize Mlango

Mkutano wa namna hii tunaufahamu sote. Mradi umekwisha kuchorwa, fedha zimekwisha kugawiwa, fundi yupo kazini, ndipo wananchi wanapokusanywa chini ya mwembe na kuulizwa: "Mna maoni gani?" Mzee mmoja anasimama na kusema kwamba kisima kimechimbwa upande ambao kina mama hawaufikii bila kupanda kilima. Anashukuriwa kwa mchango wake mzuri. Kwenye muhtasari linaandikwa kwamba wananchi walishirikishwa. Kisima kinabaki palepale.

Nimeukumbuka mkutano huo kwa sababu ya jambo ambalo kwa haraka litaonekana halihusiani nao hata kidogo: namna tovuti za lugha za kuandikia programu za kompyuta zinavyobadilishwa sura, na namna sisi wa Afrika Mashariki tunavyokaa kimya zinapobadilishwa. Hoja yangu ni kwamba suala hili ni la kisiasa kabla ya kuwa la kiufundi, na kwamba kimya chetu kina gharama, na wanaoilipa si sisi tulio vyuoni.

Kwa msomaji asiye wa fani hii, nieleze kwa kifupi. Programu unayoitumia kwenye simu kutuma fedha, au ile inayotunza kumbukumbu za wagonjwa hospitalini, imeandikwa kwa lugha maalumu: Python, Java, Rust, na nyingine nyingi. Lugha hizi nyingi haziuzwi. Zinaendelezwa hadharani na watu wa mataifa mbalimbali, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua, kuzitumia na kuzirekebisha. Kwa hiyo tovuti ya lugha ya namna hii si bango la biashara tu. Ndiyo shule yake, maktaba yake na ofisi yake ya mapokezi. Anayetaka kuingia katika ufundi huo huanzia hapo, na anayeshindwa kusoma ukurasa wa kwanza huishia hapo.

Tuchukue mfano wa lugha ya Rust. Mwishoni mwa Novemba 2018 waendelezaji wake walitangaza sura mpya ya tovuti yao, wakaiweka hadharani kama toleo la majaribio na kuomba maoni. Tarehe 6 Desemba mwaka huohuo, pamoja na toleo jipya la lugha yenyewe, tovuti mpya ikashika nafasi ya ile ya zamani. Kati ya tangazo na uzinduzi ilipita takriban wiki moja. Maoni yalimiminika. Wengi walilalamika juu ya rangi, wengine juu ya maandishi makubwa. Wapo waliouliza swali zito zaidi: mfano wa msimbo uliokuwa ukurasa wa mbele umekwenda wapi? Mgeni atajuaje lugha inavyofanana asipoonyeshwa hata mistari michache yake?

Lakini lililonigusa mimi lilikuwa jingine. Tovuti ya zamani ilikuwa na tafsiri katika lugha kadhaa zilizofanywa na watu wa kujitolea. Tovuti mpya ilizinduliwa kwa Kiingereza pekee, tafsiri zikaachwa zije baadaye. Na kauli mbiu iliyopambwa juu ya ukurasa huo mpya wa Kiingereza kitupu ilijigamba kwamba lugha hii inampa uwezo kila mtu. Kila mtu!

Kwa haki niseme kwamba tafsiri zilirejea, na kwamba wale waliofanya kazi ile walikuwa watu wachache waliobanwa na tarehe. Siwashutumu kwa nia mbaya. Ninachosema ni kwamba muda unapobana ndipo vipaumbele vinapoonekana. Rangi haikuweza kusubiri. Herufi hazikuweza kusubiri. Asiyesoma Kiingereza aliweza kusubiri.

Na kabla hatujawanyooshea wengine kidole, tuutazame tena ule mfano wa msimbo ulioondolewa ukurasa wa mbele. Ulikuwa programu fupi ya kuamkia: ilichapisha salamu kwa lugha zaidi ya kumi. Kihispania kilikuwamo, Kijapani kilikuwamo, Kivietinamu, Kipolandi na Kireno vilikuwamo. Salamu ya Kiswahili haikuwamo. Lugha yenye wasemaji wengi namna hii, ambayo salamu yake imechapishwa kwenye fulana za watalii kuanzia Mombasa hadi lango la Hifadhi ya Mikumi, haikuonekana katika orodha ile. Hakuna aliyetufungia mlango. Msimbo wa tovuti ile ulikuwa wazi kwa yeyote kupendekeza mabadiliko, na nyongeza iliyohitajika haikuzidi neno moja. Hilo nalo tuliweke mezani.

Sasa twende Vidunda. Kata hiyo imekaa milimani, katika wilaya ya Kilosa, jimbo la Mikumi, juu ya mabonde ambako barabara ya kutoka Mikumi kwenda Ifakara inapita Kidodi na Ruaha kuelekea mashamba ya miwa ya Kidatu. Naichagua Vidunda kwa makusudi. Wavidunda wana lugha yao, Kividunda, na mwaka 2007 mwanaisimu Karsten Legère alichapisha makala iliyouliza waziwazi kama lugha hiyo imo hatarini. Sababu ya swali hilo tunaifahamu, maana iko katika kila kona ya nchi yetu. Kiswahili kimeingia shuleni, sokoni, ofisini, kanisani na msikitini, kisha kikaingia nyumbani. Lugha ya mababu imekuwa ikirudi nyuma hatua kwa hatua.

Tulipowataka watu wa Vidunda wakipokee Kiswahili, tuliwapa ahadi. Tuliwaambia kwamba lugha hii itawafungulia taifa: watasoma nayo, watashtaki nayo, wataomba kazi nayo, watapata maarifa ya dunia kupitia kwayo. Wamelipa bei ya ahadi hiyo, na bei hiyo ni sehemu ya lugha yao wenyewe. Leo kijana wa Vidunda aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili anafungua simu yake, anataka kujifunza kuandika programu, na anakutana na ukurasa usio na hata sentensi moja anayoimudu vyema. Babu yake aliweka kando lugha moja ili aingie taifani. Mjukuu anaambiwa aweke kando na ya pili ili aingie katika ufundi. Je, tutamwambia hivyo mara ngapi?

Najua jibu litakalotolewa, kwa kuwa nalisikia kila muhula, na mara nyingi kutoka kwa wenzangu wenye shahada: "Kiingereza ndiyo lugha ya kompyuta. Ajifunze Kiingereza." Jibu hili lina sura ya busara, na halina msingi.

Kwanza, kompyuta haijui Kiingereza. Lugha ya Python ina maneno ya msingi 35 tu yaliyotengwa, pamoja na majina ya amri kadhaa zilizotayarishwa. Mtoto aliyeweza kukariri majina ya mikoa yetu hatashindwa na maneno 35. Mengine yote ni juu ya mwandishi: anaweza kuita kigezo chake bei_ya_mahindi au idadi_ya_magunia, na programu itatii bila kinyongo. Kinachomkwamisha mwanafunzi ni maelezo yanayoyazunguka maneno hayo: kwa nini, lini, namna gani, na ukikosea ufanyeje. Maelezo ni lugha ya kawaida ya binadamu, na binadamu huelewa kwa lugha anayoiota.

Pili, historia ya fani yenyewe inakanusha. Python ilianzishwa na Guido van Rossum, Mholanzi. Lua ilizaliwa Brazil mwaka 1993, katika chuo kikuu kimoja cha Rio de Janeiro. Ruby ilitolewa mwaka 1995 na Yukihiro Matsumoto wa Japani, na katika miaka yake ya mwanzo sehemu kubwa ya maelezo yake ilikuwa kwa Kijapani. Wajapani hawakungoja wamalize Kiingereza ndipo wabuni. Walibuni kwa lugha yao, na dunia ikawafuata ilipoona faida.

Tatu, tunao ushahidi wetu wenyewe kando ya barabara kuu ya Iringa. Simama Mikumi, mahali malori ya Zambia yanapopumzika, umsikilize fundi akimfundisha kijana wake: klachi, gia, breki, sukani, plagi, betri, injini. Gari lilikuja na Kiingereza chake, Kiswahili kikalimeza, kikaliwekea irabu mwishoni, kazi ikaendelea. Hakuna fundi aliyemwambia kijana kwamba gari lina lugha yake na hana budi kuijua kabla ya kushika spana. Angesema hivyo, malori yangeozea pale.

Nne, hoja hii tumeisikia kabla, na imeshindwa. Kwa miongo mingi tuliambiwa kwamba sheria haiwezi kuandikwa kwa Kiswahili, kwamba dhana zake ni ngumu mno na istilahi hazipo. Mwaka 2021, kwa Sheria Na. 1 ya mwaka huo, Bunge letu likaifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Utekelezaji una safari ndefu, na mawakili wanalalamika kwa haki kuhusu baadhi ya mambo. Lakini hakuna tena anayesimama hadharani kudai kwamba haki ina lugha yake nayo ni Kiingereza. Ikiwa hati ya mashtaka imewezekana, maelezo ya kurudia amri mara kumi yatashindikanaje?

Wapo watakaosema istilahi hatuna. Istilahi tunazo za kutosha hadi tunagombana nazo. Wengine wanasema kompyuta, wengine tarakilishi, wengine ngamizi, na tumeweza kujaza kumbi za makongamano kwa ugomvi huo huku ukurasa mmoja wa kujifunzia haujatafsiriwa. Kazi imewahi kufanyika. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa kiLinux na kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice: programu kamili ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Ni miaka mingi sasa. Waulize wanafunzi wa leo ni wangapi wamewahi kuisikia. Programu huria hutoka toleo baada ya toleo, na tafsiri isiyo na warithi huachwa nyuma na toleo linalofuata. Tulikuwa na mradi, hatukuwa na utaratibu. Mradi ulipokwisha, tukarudi kulalamika kwamba istilahi hatuna.

Hapo ndipo hoja yangu inapotugeukia sisi wenyewe. Mwaka 2017 jumuiya ya Python ilipitisha waraka uitwao PEP 545, unaoeleza namna lugha yoyote ya binadamu inavyoweza kupata nafasi katika tovuti rasmi ya maelezo yake. Masharti yako wazi. Ili lugha iwekwe kwenye orodha ambayo msomaji huchagulia, sehemu tatu ziwe zimetafsiriwa zote: ukurasa wa kuripoti hitilafu, mafunzo ya mwanzo, na maelezo ya amri zilizotayarishwa. Ni sehemu tatu tu. Wafaransa, Wajapani, Wakorea, Wabrazili na Waturuki waliingia kwa mlango huo. Kiswahili hakimo katika orodha hiyo. Tunayo idara za Kiswahili, tunayo idara za kompyuta, tunalo Baraza la Kiswahili la Taifa, tunayo hata siku ya dunia, 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Kila mwaka siku hiyo tunavaa vitenge, tunaghani mashairi na kukisifu Kiswahili kwamba ni lugha ya dunia. Kisha tunarudi ofisini kufungua tovuti ambayo haikijui.

Kwa hiyo, tovuti ya lugha yoyote ya programu inapobadilishwa na kuombewa maoni, tutoe maoni, na yawe ya kutuhusu. Kusema kwamba rangi ya bluu imezidi si dhambi, ila ni kazi ambayo watu elfu moja wengine wataifanya. Maoni ambayo hakuna atakayeyatoa kwa niaba yetu ni haya.

Tuulize tafsiri zitakuwapo siku ya uzinduzi au "baadaye", na hiyo baadaye ina tarehe gani. Tuulize uzito wa ukurasa: mwanafunzi anayenunua bando la siku hulipia kila picha inayocheza na kila pambo linalosogea, kabla hajasoma neno hata moja. Tuulize kama maelezo yote yanaweza kupakuliwa mara moja na kusomwa bila mtandao, kwa kuwa mtandao wa milimani huja na kuondoka. Tuulize kama ukurasa unasomeka kwenye simu ndogo ya bei nafuu, kwa sababu hiyo ndiyo kompyuta ya kwanza ya vijana wetu wengi. Tuulize kama anwani za zamani zitaendelea kufanya kazi, maana mwalimu aliyeandika anwani ubaoni, na mwanafunzi aliyeinakili daftarini, hawatapata taarifa kwamba ukurasa umehamishwa. Na tuulize kama msimbo wenyewe utaonekana ukurasa wa mbele, ili mgeni aione kazi kabla ya kuhubiriwa sifa zake.

Maswali hayo hayahitaji shahada ya usanifu. Yanahitaji mtu anayejua maisha yalivyo Vidunda, na hao tunao. Tuyatoe mapema pia. Jumuiya hizi hujadili mipango yao hadharani miezi mingi kabla ya toleo la majaribio kuonekana. Anayengoja siku ya uzinduzi ndipo aseme anafanana na yule mzee aliyeitwa kukitazama kisima kilichokwisha kuchimbwa.

Neno kwa watumishi wa umma mnaonisoma. Msidhani kwamba haya ni ya vijana wa kompyuta peke yao. Mamlaka ya Serikali Mtandao imewekewa sheria yake tangu mwaka 2019, taasisi na halmashauri zetu zina tovuti, na tovuti hizo nazo hubadilishwa sura. Niliwahi kuombwa maoni juu ya tovuti mpya ya taasisi moja ya umma. Ombi lilinifikia Ijumaa jioni. Uzinduzi ulikuwa Jumatatu asubuhi, mgeni rasmi amekwisha kualikwa. Fomu ya maoni ilikuwa na swali moja kubwa: naipa nyota ngapi? Nilijaribu kufungua waraka ambao wanafunzi wangu waliutumia kila mwaka kwa anwani yake ya zamani, haukuwapo tena. Fomu ile haikuwa na mahali pa kuliandika hilo. Nikatoa nyota tatu, nami pia nikahesabiwa kuwa nimeshirikishwa.

Ndugu zangu watumishi, kubadilisha tovuti ni kuhamisha ofisi. Hakuna mkurugenzi ambaye angehamisha ofisi ya ardhi usiku, asiache hata kibao mlangoni, kisha asubuhi awaulize wananchi wameipendaje rangi ya ukuta mpya. Kwenye mtandao tunalifanya hilo na kulipigia makofi.

Kwa wanafunzi na wanaharakati ninalo ombi lenye mipaka. Miradi ya mwaka wa mwisho katika vyuo vyetu hujaa mifumo ya maktaba na mifumo ya hoteli ambayo hufa siku ya kusahihishwa. Idara za kompyuta na za Kiswahili zikubaliane kwamba kutafsiri na kuhakiki sura moja ya maelezo ya lugha ya programu ni mradi halali wenye alama. Mwanafunzi wa kompyuta aeleze dhana, wa Kiswahili apime sentensi, na mwaka unaofuata wengine wapokee walipoishia wenzao. Utaratibu wa namna hii hauhitaji mfadhili, nao ndio uliokosekana baada ya 2004. Kisha tafsiri hiyo isomwe na wale inaowahusu kabla haijapelekwa: ipelekwe kwa wanafunzi wa ufundi Mikumi, ipelekwe kwa kijana wa Vidunda, aulizwe ni sentensi ipi iliyomkwamisha, na sentensi hiyo iandikwe upya hata kama profesa ameipenda.

Sura ya kwanza ya mafunzo ya Python ni fupi. Darasa moja likigawana aya zake linaweza kuimaliza ndani ya wiki mbili, ugomvi wa tarakilishi na ngamizi ukiwamo. Tuanzie hapo.